Aliyefundisha Pande Tatu za Ziwa

Mara ya kwanza nilipofika kwenye kituo chake nilikwenda kukifunga. Nilikuwa na miezi minne kazini, afisa ustawi wa jamii mpya kabisa, na mkononi nilishika fomu ya ukaguzi yenye kurasa sita. Kituo kilikuwa Kirumba, jijini Mwanza, juu kidogo ya soko la samaki la Mwaloni, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyoegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Nilimkuta amepiga magoti uani, watoto wapatao thelathini wamemzunguka, wote kimya, wanamtazama konokono anayepanda ndoo.

“Shikamoo,” nikasema.

Hakugeuka. “Marahaba. Subiri kwanza afike juu.”

Tukasubiri. Konokono hakuwa na haraka. Alipofika ukingoni mwa ndoo watoto wakapiga makofi, na yule mama akainuka, akajipangusa magoti, akanitazama kuanzia viatu hadi fomu.

“Haya,” akasema, “sasa serikali inaweza kuzungumza.”

Watoto walimwita Bibi Mwalimu. Wazazi wakawaiga, na mimi nikawaiga wazazi, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwita jina lingine.

Siku ile tulizunguka kituo kizima. Fomu yangu iliuliza: uzio upo au haupo. Pande tatu zilikuwa na mabati, upande wa nne ulikuwa jiwe. Nikaandika haupo. Akaligonga jiwe kwa kiganja.

“Hiki nini?”

“Jiwe.”

“Mtoto anaweza kupita hapa?”

“Hapana.”

“Mwizi je?”

“Hapana.”

“Basi andika.”

Nikafuta, nikaandika “upo (jiwe)”. Mkuu wangu wa kazi alinicheka wiki nzima. Lakini mambo mengine sikuyafuta. Choo kilikuwa kimoja, cha watu wazima, chenye tundu pana. Na mlezi mkuu, yaani yeye mwenyewe, hakuwa na cheti kinachotambulika. Nikampa barua ya miezi mitatu: arekebishe au afunge. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa na karatasi nyingine.

“Nina vyeti vya nchi mbili humu,” akasema. “Nchi yangu ndiyo hainijui.”

Ilikuwa kweli. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa injini za meli, na kwa miaka mingi yeye alimfuata kila alikopangiwa kazi. Walikaa Kisumu, kisha wakakaa Uganda, Jinja. Kila walipofika, mume akiingia kwenye mitambo, mke alitafuta watoto wa kufundisha. Hivyo alikuwa amefundisha watoto wadogo katika nchi tatu zinazokunywa maji ya ziwa moja, na hakuchoka kuzilinganisha.

“Mtoto wa miaka minne,” aliniambia mara nyingi, “akipanda meli Mwanza ni mtoto. Akishuka Kisumu ni mwanafunzi.”

Alikuwa na maana hii. Kenya wana miaka miwili ya shule ya awali kabla ya darasa la kwanza, na mtoto anaianza akiwa na minne. Huku kwetu ni mwaka mmoja, ndani ya shule ya msingi, mtoto akiwa na mitano. Uganda wana miaka mitatu ya nasari, lakini nyingi ni za watu binafsi, kwa hiyo mwenye fedha ana miaka mitatu na asiye nazo anacheza barabarani mpaka afikishe umri wa darasa la kwanza. Na kwetu kuna jambo moja lililomfurahisha kuliko yote: kabla ya miaka mitano mtoto wa kituoni yuko chini ya ustawi wa jamii, akifika mitano anakwenda chini ya elimu. “Siku yake ya kuzaliwa,” alisema, “mtoto wetu anahama wizara, na wala hajui. Anadhani ni keki tu.”

Watu wengi hudhani mtu wa namna hiyo alipenda zaidi kwingine. Hapana. Kenya aliisifu kwa walimu wake kupanga masomo vizuri, akailaumu kwa kuwakalisha watoto sana. Uganda aliisifu kwa nyimbo. Alisema hajaona watoto wanaoimba kama wale. Tanzania aliisifu kwa kitu kimoja ambacho sisi hatukioni kwa kuwa tumekizoea: mtoto anafundishwa kwa lugha anayoisikia sokoni. “Kule Kisumu nilikuwa na mtoto aliyekaa wiki tatu bila kusema neno,” aliniambia. “Nyumbani Kijaluo, darasani Kiingereza, mimi namwita kwa Kiswahili. Mtoto akaona bora anyamaze, atuachie wenyewe tukubaliane.”

Wiki mbili baada ya barua yangu, nikiwa ofisini na wenzangu watano, alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Hakukaa.

“Mtoto mmoja jana aliteleza, mguu ukaingia kwenye tundu la choo mpaka gotini,” akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. “Tumemtoa, hana jeraha. Nilikusema vibaya mtaani kwa ajili ya kile choo. Ulikuwa na haki. Nimekuja kulisema hili mbele za watu kwa sababu mbele za watu ndipo nilipokusema.”

Akaondoka. Mwezi haukuisha, vyoo viwili vya watoto vilikuwa vimejengwa, vyenye matundu madogo, na mafundi walikuwa baba wawili wa watoto wa pale waliofanya kazi hiyo baada ya kutoka kiwandani Nyakato.

Cheti nacho alikwenda kukitafuta, nami nikamwongezea muda. Akiwa na miaka hamsini na kitu alikaa darasani na mabinti wa miaka ishirini, akaandika kila kitu, akafanya mitihani yote. Mmoja wa wale mabinti ndiye sasa anayekiongoza kile kituo. Bibi Mwalimu aliporudi, cheti kipya alikitia fremu akakitundika ukutani peke yake. Vile viwili vya nje vilibaki kwenye mfuko wa nailoni. Nilimuuliza sababu.

“Hiki nimekipata kwa hasira,” akasema. “Kitu cha hasira kitundike, usije ukasahau kilikugharimu nini.”

Hasira alikuwa nayo, sitaki kuficha. Kwa watoto hakuwahi kuinua sauti, lakini watu wazima tulimwogopa. Mzazi aliyemburuta mtoto kwa mkono alisimamishwa getini na kuambiwa aingie tena, safari hii kwa mwendo wa mtoto. Baba aliyekuja kumchukua mwanawe hakuruhusiwa kuita kutoka nje. Alipewa kiti kidogo cha plastiki akae, asubiri mpaka mtoto amalize mchezo wake. Nimewaona wapagazi wa Mwaloni, wanaume wanaobeba magunia mawili ya dagaa kwa safari moja, wamekaa kwenye viti vile magoti yamefika masikioni, wanatazama mtoto anavyojenga nyumba ya vizibo vya soda.

“Mwarimu, mimi nina haraka,” mmoja alijaribu siku moja, mtu wa Ukerewe.

“Na yeye ana haraka,” akamjibu. “Anaezeka.”

Yule baba akasubiri paa limalizike.

Jambo lililokuwa karibu zaidi na moyo wake lilikuwa saa. Wanawake wa Mwaloni huanza kazi kabla jua halijachomoza, kwa sababu mitumbwi haingoji. Kituo chake kilifunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Taarifa zangu za mwanzo zililiandika hilo kama kasoro, kwa kuwa vituo vingine vyote nilivyovikagua vilifunguliwa saa moja na nusu. Akaniambia nije nione. Nikaja siku moja giza halijaisha, nikakaa kwenye ngazi. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka mtaani mmoja mmoja, watoto wamelala mgongoni, na Bibi Mwalimu anawapokea mlangoni kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sufuria yenye moto, hamwamshi hata mmoja. Anawalaza kwenye mikeka, anawafunika. Mama anaondoka akijifunga khanga upya. Hakuna aliyesema zaidi ya neno moja au mawili.

“Sera inaamka saa moja na nusu,” akaniambia walipokwisha. “Dagaa wanaamka saa kumi na moja. Kati ya hapo mtoto ni wa nani?”

Niliondoa lile neno kasoro.

Saa za mchana nazo zilikuwa na pengo lake. Darasa la awali la shule ya msingi ya jirani ni bure, na yeye aliwahimiza wazazi wote kuwapeleka wenye miaka mitano, hakutaka kuwashikilia. Lakini darasa lile hutoka kabla ya adhuhuri, na mama yuko sokoni hadi alasiri. Hivyo kila siku, saa tano na nusu, mlezi wake mmoja alikwenda kwenye geti la shule na kamba ndefu yenye mafundo. Kila mtoto alishika fundo lake. Walishuka barabarani kwa mstari, na wasukuma mikokoteni walisimama kuwapisha. Aliyeleta wazo la kamba alikuwa Bibi Mwalimu, na aliniambia aliliona Kisumu. Mafundo ndiyo aliongeza mwenyewe, kwa sababu watoto walikuwa wakigombania nafasi.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mama Otieno, aliyerudi Mwanza kutoka Kisumu baada ya ndoa kumshinda. Otieno alikuwa na miaka mitano na nusu. Alikuwa ameshasoma mwaka na zaidi wa nasari, anasoma, anaandika jina lake, anahesabu hadi mia kwa Kiingereza bila kupumua. Mama yake alimpeleka shule ya msingi akitaka aingie darasa la kwanza. Mkuu wa shule akaangalia umri, akasema aanze awali. Mama Otieno alikuja kituoni analia. Nilikuwepo siku hiyo kwa ukaguzi wa kawaida.

“Mtoto wangu amerudishwa darasa,” alisema. “Amefanya kosa gani? Kuvuka mpaka?”

Bibi Mwalimu alimwita Otieno, akampa udongo wa mfinyanzi. Mtoto akakaa mbele ya lile donge, mikono imepangwa mapajani, akasubiri aambiwe la kufanya. Dakika zikapita. Watoto wengine walikuwa wanafinyanga ng’ombe na magari. Otieno akauliza kwa adabu, “Niandike nini?”

Hapo mama yake akaacha kulia.

“Hajarudishwa, mama,” Bibi Mwalimu akamwambia taratibu. “Amerudishiwa. Huu ni mwaka wake, kuna watu walikuwa wameuchukua. Mwache autumie.”

Nakumbuka nilikwenda nyumbani na maneno yale. Lakini nakumbuka pia kwamba kesho yake alivaa kile kitenge cha kanisani, akamfuata mkuu wa shule, akamwambia mtoto yule anajua kusoma na asikalishwe akariri a-e-i-o-u mwaka mzima kana kwamba hajui. Wakakubaliana awe anawasomea wenzake hadithi mara moja kwa wiki. Otieno sasa yuko sekondari. Mama yake anauza sangara wa kukaanga na bado anausimulia mwaka ule kana kwamba aliurithi.

Wakati fulani kanisa lake lilimpeleka kwa wiki kadhaa katika nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, kwa sharika rafiki, atembelee shule zao za watoto. Alirudi na koti zito na mambo ya kutuambia. Tulikaa uani, wazazi, walezi na mimi. Alituambia watoto kule hulazwa nje kwenye baridi, wamefungwa vizuri, na hulala usingizi wa ajabu. Alituambia hawaanzi darasa la kwanza hadi miaka sita au saba, na hakuna anayeona wamechelewa. Alituambia mzazi akipata mtoto hukaa nyumbani karibu mwaka mzima na analipwa, na baba naye ana siku zake.

Kisha mama mmoja wa dagaa akauliza, “Anauza nini huyo mama?”

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo. Bibi Mwalimu hakucheka.

“Hauzi kitu. Analipwa kwa kuwa mama.”

“Mimi nilirudi Mwaloni siku ya kumi na nne,” yule mama akasema, na sasa hakuna aliyecheka.

“Najua,” akamjibu. “Sheria yetu inampa mwajiriwa siku themanini na nne. Wewe umeajiriwa na dagaa. Dagaa hawana sheria.”

Kitu kimoja alikileta kutoka kule na kukitumia. Siku moja alimnyanyua mtoto aliyekuwa analia, mwalimu wa kule akamwambia kwa upole kwamba wao kwanza humuuliza mtoto kama anataka kubebwa. Alikasirika siku nzima, alituambia. Kwetu mtoto akilia anabebwa, basi. Lakini usiku akafikiri, na aliporudi Kirumba akaanza kuuliza. “Nikubebe?” Watoto walishangaa, kwa maana hakuna mtu mzima aliyewahi kuwauliza swali hilo. Wengi walisema ndiyo. Siku moja msichana mdogo, ambaye mama yake alikuwa amelazwa hospitali, akamjibu, “Hapana.” Bibi Mwalimu akavuta mkeka, akakaa hatua tatu kutoka pale alipokuwa yule mtoto, na akabaki hapo. Nilikuja kuleta fomu, nikamkuta. Nilikaa naye karibu saa nzima, fomu mapajani. Mwishowe yule msichana akajisogeza mwenyewe, akaegemea mguu wake, akalala.

Sasa niseme lile ambalo hakupenda lisemwe. Huyu mtu aliyekataa kuwapa watoto wa miaka mitatu kalamu, aliyewafukuza wazazi waliotaka mahafali ya majoho kwa watoto wasiojua kufunga vifungo, mjukuu wake mwenyewe alimpeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Nililigundua kwa bahati. Nilikuwa napita Kiseke asubuhi nikamwona amesimama kando ya barabara na mtoto wa miaka minne, begi la mgongoni kubwa kuliko mgongo, wanasubiri basi la njano. Aliponiona alitazama pembeni.

Basi likaja, likamchukua mtoto. Tukabaki wawili.

“Usinitazame hivyo,” akasema. “Mama yake ndiye aliyeamua.”

Nikalitazama basi likipinda kona.

“Nami sikukataa,” akaongeza. “Watoto wa watu nawasimamia kwa ninachokijua. Huyu nilimwogopea. Niliona wenzake watamwacha.” Akafunga khanga yake vizuri. “Ukiniandika, andika na hilo.”

Nimeliandika. Heshima yangu kwake haikupungua kwa ajili hiyo. Kabla ya siku ile nilimwogopa kidogo. Baada yake nilianza kumpenda, kwa sababu nilijua kwamba yale anayowaambia wazazi anayajua uchungu wake kutoka ndani.

Na mimi zamu yangu ikafika. Nilijifungua binti, Furaha, na baada ya siku themanini na nne nikarudi kazini. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Geita, anakuja mwisho wa mwezi. Mama yangu yuko Bukoba na migomba yake na magonjwa yake. Dada wa kazi niliyempata alikaa siku nne, akaondoka bila kuaga. Siku ya tano nilimbeba mtoto, nikapanda Kirumba.

Bibi Mwalimu alimpokea Furaha kwa mikono miwili, akamtazama usoni, akamsifu. Kisha akanirudishia.

“Kituo hiki kimesajiliwa kwa watoto wa miaka miwili na kuendelea. Umesaini mwenyewe.”

“Najua, Bibi.”

“Unajua, na umekuja.”

Nikaanza kulia. Nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki, maziwa yanalowesha blauzi, na pale mbele yangu ndiyo sheria yangu mwenyewe imesimama na aproni. Alinivutia kiti kidogo cha plastiki. Nikakaa na magoti yangu masikioni kama wale wapagazi.

“Sikatai kukusaidia,” akasema. “Nakataa kuvunja. Nikivunja kwa afisa, kesho nitamwambia nini mama wa dagaa? Sasa niambie, umeomba saa zako za kunyonyesha?”

“Saa gani?”

Akanitazama, na sijawahi kuona aibu kama niliyoiona siku ile, kwa sababu nilizijua. Nilizisoma chuoni, nikazijibia mtihani.

“Sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku,” akasema. “Umeziomba?”

“Ofisini kwetu hakuna aliyewahi kuomba.”

“Sikukuuliza nani ameomba.” Akafungua aproni. “Mwanangu, sera ni kama bomba la mtaa. Maji yapo, lakini hayatakufuata ndani. Chukua ndoo.”

Tukateremka pamoja. Niliandika barua kwenye meza ya mwenye duka la vifaa vya shule, yeye amemshika mtoto, ananisahihisha: “Usiandike naomba kwa unyenyekevu. Andika naomba, inatosha.” Ofisini alikaa kwenye benchi la nje na Furaha mikononi, nikaingia peke yangu. Mkuu wangu, mtu mpole, alisoma barua, akanitazama, akaisoma tena. Alisema hajawahi kupokea barua ya namna hiyo. Akaenda kuchukua kitabu cha sheria kwenye kabati, akakipangusa vumbi, akatafuta ukurasa. Mimi nimesimama mbele ya meza yake. Kutoka nje nikamsikia Furaha anaanza kulia, na sauti ya Bibi Mwalimu ikimwimbia wimbo wa Kiganda.

Mkuu akasaini.

Mchana wa siku zilizofuata Furaha alilelewa na dada yake Bibi Mwalimu, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kituoni, nyumbani kwake, si kituoni. Kila siku saa sita mchana nilipanda kumnyonyesha. Mwaka uliofuata wanawake wengine wawili wa ofisi yetu waliandika barua kama ile. Mmoja alikuja kuniomba nakala. Nilimpa, na nikamwambia ni wapi asiandike unyenyekevu.

Niliendelea kupanda vyeo kidogo kidogo, yeye akazeeka. Miguu ilimsumbua. Alimwachia kituo yule binti waliyesoma naye, akahamia moja kwa moja Kiseke, kwa mjukuu wake. Nilimtembelea si mara nyingi kama nilivyopaswa.

Mwaka jana palifanyika mkutano katika hoteli moja kando ya ziwa, hapa Mwanza, wa maafisa wa malezi na elimu ya awali kutoka nchi zetu tatu. Nilikuwa mmoja wa waandaaji, nikaomba Bibi Mwalimu aalikwe. Nilimfuata mwenyewe kwa gari. Alikuwa amepungua mwili, anatembea na mkongojo, lakini khanga zimenyooshwa kwa pasi na kichwa amekifunga kitambaa cheupe.

Asubuhi nzima ilikuwa ya kuwasilisha. Afisa wa Kenya alieleza jinsi nasari zao zinavyoendeshwa na kaunti. Wa Uganda akaeleza mipango ya serikali kuingia kwenye nasari zilizoachiwa watu binafsi. Sisi tukaeleza mwaka wetu mmoja wa lazima na vituo vinavyoanzishwa na jamii. Zilikuwa kazi nzuri. Nasema kwa dhati. Bibi Mwalimu alisikiliza yote, mikono juu ya mkongojo. Karibu na chakula cha mchana mwenyekiti akasema tuna mlezi mkongwe aliyefanya kazi katika nchi zetu zote, pengine ana neno. Wakampelekea kipaza sauti mezani.

Alikitazama kidogo kama kitu kilichosahauliwa na mtoto, kisha akakisogeza mdomoni.

“Nimefurahi,” akasema. “Nina swali moja tu, na si la mtihani. Kila mmoja wenu mwenye mtoto mdogo: saa hizi yuko wapi?”

Watu wakatabasamu, wakisubiri aendelee. Hakuendelea. Aliweka kipaza sauti chini.

Yule wa Kenya ndiye aliyejibu kwanza. Alisema mwanawe wa miaka minne yuko shule, akaangalia saa, akasema, hapana, ametoka, yuko na msichana wa kazi. Kisha akasema, nadhani. Mwanamke wa Uganda alisema wake yuko kwa nyanya yake kijijini tangu mwezi wa tatu. Mzee mmoja wa kwetu alisema wake wamekua, ila mjukuu wake wa miaka mitano yuko shule ya bweni. Alilisema hilo kwa kujivuna, na alipofika mwisho wa sentensi sauti ilikuwa imeshuka. Mimi nilijua kwamba leo baba yake Furaha yuko likizo na ndiye wa kumchukua shule. Nilijua hivyo jana. Leo nilikuwa sijauliza.

Sikumbuki ni nani aliyetoa simu kwanza. Nakumbuka mwenyekiti akisema basi twende kwenye chakula, na hakuna aliyeinuka. Ukumbi wote ulikuwa unapiga simu. Upande huu Kiganda, upande ule Kijaluo na Kikuyu, nyuma yangu mtu anazungumza Kisukuma na mama yake, na katikati Kiswahili cha kila namna. Amekula? Amelala? Mpe simu. Hebu mpe simu nimsikie. Watu wazima wenye vitambulisho shingoni wamekunja migongo, mkono mmoja umeziba sikio, wanasema kwa sauti ile ndogo ambayo mtu hana nyingine ya kumsemeshea mtoto wake. Furaha aliniambia baba amemnunulia mahindi ya kuchoma na kwamba ninamkatiza.

Nilipokata simu nikamtafuta Bibi Mwalimu. Alikuwa amekaa palepale, hamwangalii mtu. Alikuwa ametoa simu yake kutoka kwenye pindo la khanga, ile ndogo ya vitufe, ameishika mbali na macho, anabonyeza namba moja moja kwa kidole gumba. Akaiweka sikioni. Nilijua anampigia nani, maana alikuwa amemtaja asubuhi garini: mwanawe wa kwanza, fundi umeme wa Kahama, mtu wa miaka karibu hamsini mwenye mvi na watoto wakubwa.

“Umekula?” akamuuliza. Akasikiliza. “Umekula nini?”